Kupiga Deki kwa Slaidi

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kwanza ya semina. Wasafishaji kumi na wanne wa hospitali, mimi mwezeshaji wa majaribio, na slaidi sitini na mbili. Kufika slaidi ya tisa, mama wa mbele anakoroma! Na Alhamisi bosi wa mafunzo anakuja kunipima: nikifaa, naajiriwa, nisipofaa, kwaheri. Mke wangu kacheka. Eti mimi mwenyewe nikielekezwa kuosha sufuria nanuna, sembuse watu wenye miaka ishirini kazini? Nimenuna.

Jumanne, 5 Machi

Aibu! Nimeamua kuwaonyesha kwa vitendo. Nikashika dekio, nikaanzia mlangoni kama kitabu cha mafunzo cha bosi kinavyosema, huyo, mpaka dirishani. Kugeuka — sakafu yote imelowa, nimejibana kona mwenyewe! Mama Funguo, msimamizi wao, mwenye funguo za wodi zote kiunoni, kacheka hadi machozi. "Mwanangu, deki hupigwa kinyumenyume. Unaanzia ndani, unatokea mlangoni." Nikamwomba atufundishe. Kakataa mara mbili, kisha kakunja mikono ya gauni. Hakuna aliyesinzia hadi saa kumi.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimeuliza tu. Dawa ya sakafu mnaipimaje? Wakazozana, raha tupu — huyu kwa kifuniko, yule kwa macho. Tukapima. Wa macho alikuwa amezidisha mara tatu! Kaguna, halafu mwenyewe kaomba kikombe cha kupimia. Ningemwambia mimi, angeninunia wiki nzima. Nina furaha. Ila kesho bosi anakuja.

Alhamisi, 7 Machi

Mapumziko ya chai, naandika mbio. Bosi kaja na fomu yake, kanikuta nimekaa katikati ya akina mama, projekta imezimwa. Kauliza mwezeshaji ni nani. Mama Funguo kamwambia avue viatu kwanza, sakafu haijakauka. Kavua! Kisha mama kamweleza kwamba kitabu kimekosea ukurasa wa saba, pale pa kuanzia mlangoni. Mungu wangu — kitabu kakiandika bosi mwenyewe! Nikatamani ardhi inimeze.

Wenzetu wengine wameshakwenda kunywa chai. Bosi bado yuko pale na soksi zake, kashika dekio, anamuuliza Mama Funguo maswali. Fomu iko juu ya kiti, haijajazwa hata mstari mmoja. Nimemsogelea, nikakohoa, nikauliza habari ya kazi yangu. Hata hakunitazama. Kaninyooshea kiganja — ningoje kwanza, mama hajamaliza.