Dawa ya Tekla

Vene usinipigie, mume wangu yuko hapa sebuleni. Soma tu.

Si unajua mwanangu alivyoungua makalio kwa nepi? Yamekuwa mekundu kama nyanya za Ruaha Mbuyuni. Na mtoto wa Tekla jirani anavaa nepi za kitambaa hizohizo, makalio yanateleza! Wiki nzima roho inaniuma. Nikasema huyu mwanamke ana dawa ananificha.

Leo nikajikaza, nikaenda kuuliza.

Weee! Nimemkuta Zabron. Zabron, mume wake! Kachuchumaa uani na beseni, anasuuza nepi. Mwanaume mzima, Vene, anasuuza nepi mchana kweupe hapa Ilomba, na mluzi anapiga!

Nikamuuliza mnampaka nini mtoto. Akacheka.

"Hatumpaki kitu, shemeji. Nasuuza mara tatu, maana sabuni ikibaki inamuunguza. Na akilowa tu nambadilisha, ila kwanza namwacha wazi kidogo apigwe upepo."

Nasuuza. Nambadilisha. Umesikia lakini?

Na Tekla yuko wapi? Kwenye mkeka, juani, anasukwa nywele! Kanikaribisha chai bila hata kuinuka.

Mimi huku nasuuza mara moja tu, mgongo unakatika, na mtu ananiuliza chakula kiko wapi.

Nimerudi nikamkuta Liberatus wangu kwenye kochi, macho hayabanduki kwenye mpira. "Vipi, umeipata hiyo dawa?"

Nikamwambia nimeiona. Ila ina mke wake.