Umembania Pumzi

2 Machi
Shikamoo Bibi,
Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima wa mwili tu. Muhula uliopita nilifeli masomo mawili kati ya saba, na sasa ninayo saba tena. Mshauri wangu wa masomo, yule mama anayetupangia masomo na kusaini fomu zetu, ameniita mara mbili. Sijaenda. Bila saini yake kufikia tarehe ishirini, nafutwa chuoni.
Mjukuu wako

6 Machi
Mume wangu,
Marahaba. Mgongo upo, ndio ninaolala nao tangu unikimbie. Anayeniandikia kwenye simu yake ni jirani yangu nesi. Nimemwambia asiongeze sukari.
Saba, na mashuka ya hospitali unafua wewe kila jioni? Huyo mama anajua?
Bibi yako

10 Machi
Shikamoo Bibi,
Hajui. Mwanzo wa muhula, tukipanga masomo, aliniuliza, "Saba utayaweza?" Nikasema ndiyo, mama. "Huna kazi nyingine?" Nikasema sina, mama. Nilimheshimu. Jana nilifika hadi mlangoni pake, nikasikia anaongea na mtu, nikarudi.
Mjukuu wako

13 Machi
Marahaba, mwoga wangu.
Heshima gani hiyo? Ni uongo uliopigwa pasi. Miaka arobaini nashona, na mteja ninayemwogopa si mgomvi. Ni yule anayejaribu gauni amebana pumzi, anasema "limenikaa." Likipasuka mbele za watu, mbaya ni fundi. Umembania pumzi huyo mama, naye amekukatia kwa kipimo ulichompa.
Nenda. Usiende kulia. Mwambie saa unazofua, masomo yanayokubana, na unataka apunguze wapi. Yaandike kwenye karatasi, maana ulimi wako naujua. Akifoka, afoke. Pini ikikuchoma, ujue bado unapimwa.
Bibi yako

19 Machi
Mume wangu,
Siku sita kimya. Nesi nimemzuia mlangoni na simu yake, zamu inampita. Kesho ishirini. Sikuulizi kama amesaini. Nauliza, umeingia?
Bibi

20 Machi
Shikamoo Bibi. Mgongo?
Nimeingia. Nilimsomea karatasi yote. Akavua miwani. "Mwaka mzima nakuuliza, unaniambia ndiyo! Kumbe nampangia masomo mtu ambaye hayupo." Alifoka hasa. Halafu akavuta kiti upande wangu wa meza, akafuta matatu.
"Manne utayaweza?"
Ndiyo ilikuwa mdomoni, Bibi. Nikaimeza. "Matatu, mama."
Akafuta lingine, akasaini. Nitamaliza mwaka mzima nyuma ya wenzangu. Kila Jumatano anataka nipite nimwambie panapobana.
Mjukuu wako

21 Machi
Marahaba, mume wangu.
Mgongo unauma. Nilikuwa nakudanganya kwa mzaha. Kesho nesi ananipeleka kwa daktari.
Mwaka mmoja nitangoja, sina pa kwenda. Suruali ya mahafali nashona mimi. Ukija kupimwa, pumua.
Bibi yako