Rundo Dogo la Mama Adongo

Pap Onditi, Nyakach

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Wundanyi? Na usinidanganye kama kawaida yako. Mimi ni mzima, nakula mpaka suruali zimeanza kunibana. Najua kwanza unataka kuuliza kama nimesikia lolote juu ya kaka Mwakio, tangu aende Uarabuni kutafuta kazi akapotea. Sijasikia, Mama. Kila ninayemkuta aliyewahi kufika huko namuuliza, na hakuna anayemjua.

Kazi yetu ni ya mawe. Huku juu kwenye malisho ni miiba na ng'ombe tu, na katikati yake marundo ya mawe ambayo hakuna ajuaye yaliwekwa na nani. Wengine wanasema ni makaburi ya watu wa kale, wengine wanasema ni mawe yaliyoondolewa mashambani. Sisi tunafukua polepole, tunachora, tunapiga picha. Mpaka sasa tumepata majivu na vigae vya vyungu, basi.

Mwenye malisho ni mjane, Mama Adongo, na ndiye aliyenipa chumba. Juzi mkubwa wetu alinituma nianze rundo dogo la pembeni, kwa kuwa lingekwisha upesi. Nikaondoa mawe, nikachimba, nikakuta tunda la mvungunya, limekauka na mchwa wamelila nusu. Nikafurahi kama mjinga! Nani azike tunda? Nikawaita wenzangu waje waone.

Aliyekuja ni Mama Adongo, mbio, leso inaburutika chini. "Yawa! Toa mkono! Hiyo ni bwana yangu!"

Mama, nilitamani ardhi inimeze. Kumbe pale palikuwa boma lao la zamani, kabla hawajahamia chini. Mumewe alikwenda mbali kutafuta kazi, hakurudi, hata mwili haukupatikana. Kwa desturi ya huku, mtu kama huyo huzikwa kwa tunda hilo, wao huliita yago. Watu hulia, humzika, kama vile ni yeye mwenyewe.

Nilijua atatufukuza sote, na nani angemlaumu? Badala yake alipiga magoti, tukarudisha udongo pamoja, nikapanga mawe huku nalia. Jioni akanipikia ugali na samaki. "Hiyo mawe ingine chimbeni tu," akasema. "Lakini nyara, binti yangu, mbona wewe umelia kunishinda?"

Nikamweleza habari za Mwakio, na jinsi unavyokataza mtu yeyote kumlilia nyumbani. Akaniongezea samaki. "Hata mimi nilikataa," akasema. "Shemeji zangu ndio walinilazimisha. Siku hiyo nililia, halafu nikalala usingizi."

Namshukuru sana mama huyu, na Mungu aliyenileta kwake. Nakushukuru na wewe, uliyeniruhusu kuja mbali hivi wakati tayari unamsubiri mtoto mmoja.

Nisalimie shangazi Mkamburi wa dukani, na mjomba Mwadime wa kwaya, mwambie sauti yake naikumbuka hata inapopotea njia.

Nitakuja Desemba. Kama Mwakio yu hai, siku akirudi atatucheka, nasi tutacheka naye. Lakini nikifika, Mama, nakuomba tufunge mlango tumlilie, mimi na wewe, mpaka upate usingizi.

Binti yako akupendaye,
Wakesho