Rangi Mbili Kidondani

Chumba cha Kutengwa Na. 3,
Kisumu.
14 Mei 2025

Mpendwa Mama Mdogo Lornah,

Pokea salamu zangu na za dada yako. Hamjambo huko Lodwar? Joto linawaacha mlale? Na mdogo wangu Oyugi, kidonda cha mguu alichopata uwanjani kimepona? Mimi ni mzima, ila siku ya tisa leo sijavuka mlango huu.

Mama alichanwa mguuni na waya wa kuanikia omena kule Usenge. Kidonda kimekataa dawa mbili, na madaktari wameanza kutaja kuukata mguu. Amefungiwa hapa asiambukize wengine, nami nimefungiwa naye kwa sababu ndimi niliyemuuguza. Wageni hutusalimia dirishani.

Bwana Khaemba wa maabara aliniuliza tulikitia nini nyumbani. Mama akadakia, "Chumvi na maji moto tu, Bwana." Nikainama kumfunika shuka. Khaemba akacheka, "Huyu amemeza sauti yake na uji?"

Mama alikuwa ananificha. Ni mimi niliyefungua kapsuli za rangi mbili nikamwagia unga wake kidondani, wiki tatu, kama tunavyofanya sote. Kumbe ndivyo vijidudu vinavyoizoea dawa.

Khaemba ana mashine mpya ya majaribio. Inakata maji kuwa maelfu ya matone ndani ya mafuta, madogo hata jicho haliyaoni, kila tone na kijidudu kimoja pamoja na dawa. Kijidudu kikiishi, tone linang'aa. Kikifa, linabaki giza. Hapa sote tunaombea giza.

Juzi alipopita dirishani niliandika kwenye karatasi, "Rangi mbili, wiki tatu," nikaibandika kiooni. Aliisoma mara mbili, akaondoka mbio. Walikuwa karibu kumdunga Mama dawa ya ukoo mmoja na kapsuli zile.

Mama alisema, "Umeniaibisha, nyathina, mwanangu," akageukia ukuta.

Matone yenye dawa za ukoo ule yote yaling'aa kama taa za wavuvi wa omena ziwani. Ya dawa moja tu yalibaki giza, na ameanza kudungwa leo. Sindano ilipoingia alinyoosha mkono nimshike, lakini bado hasemi nami. Kuhusu mguu, tungoje Jumatatu.

Nisalimie Baba Mdogo Fabian na bibi yetu Adongo. Zile kapsuli nilizomfungia Oyugi, tafadhali usimmwagie tena. Mpeleke hospitali kesho, na wakikuuliza, usiseme chumvi.

Mungu awafunike nyote.

Mwanao akupendaye, nyuma ya kioo,
Ajwang