Wasifu wa Mzee Makochi

Jumanne, 3 Septemba

Baba kafa juzi, leo keshakuwa malaika. Hongera zake. Wageni wanapishana mlangoni: marehemu alikuwa mpole, marehemu hakuwahi kupandisha sauti. Baba huyu huyu? Aliyesikika mtaa wa pili kisa mtu kaazima nyundo yake?

Kaka kaniamuru niandike wasifu wa kusoma mazikoni. Ati mimi ndiye mwenye maneno. Yeye mwenye amri. Keshahamia kiti cha baba mezani — hakijapoa hata!

Kichwa cha habari kakitoa mwenyewe: "Mfanyabiashara Aliyejijenga, Mtu wa Familia." Haya.

Jumatano, 4 Septemba

Nimeanza na "mtu wa familia". Nikakumbuka sebule yetu. Mji mzima ulikalia makochi aliyotengeneza baba, sisi tulikalia mkeka. Si kwamba makochi hayakuwepo — hayakudumu! Mgeni akija kusalimia tu, akalisifia kochi, basi limeondoka. Kuna siku aliuza lile alilolalia bibi. Akamwuliza mteja kwa heshima zote: utasubiri aamke, au nimwamshe? Bibi aliamshwa. Biashara kwanza.

Lakini kila jioni alirudi. Hilo simnyimi. Wenzake walipopata, walipata na nyumba ndogo. Yeye alivua viatu, akajibana nasi kwenye mkeka, akaanza kuwaigiza wateja wake — yule anayekalia kochi kama anaatamia mayai! — mpaka mama anashika mbavu.

Nimeyaandika yote. Machozi yakanitoka. Vumbi, bila shaka.

Alhamisi, 5 Septemba

Kaka kaufuta mkeka. Unashusha hadhi, anasema. Bibi naye kafutwa. Badala yake: "Alianza na nyundo moja mkononi, hakusaidiwa na mtu." Keshachapisha vijitabu, karatasi inang'aa kama kipara chake.

Mama kaniomba nimsomee. Alikuwa anakunja mashati ya baba. Nikafika hapo.

"Rudia."

Nikarudia.

"Hakusaidiwa na mtu," akasema polepole. "Kwani mimi ni nani?"

Kaka, aliyekuwa kasimama mlangoni, akacheka kidogo. Ati ni namna ya kusema tu, mama.

"Aa. Namna ya kusema." Akachukua shati lingine.

Nyundo moja! Na kitambaa cha lile kochi la kwanza kilijishona chenyewe? Mama alikanyaga cherehani na mimba yangu mpaka uchungu ulipomshika, na mito ya mteja aliimalizia mimi nikiwa nimelala ndani ya boksi la vitambaa. Baba mwenyewe alipenda kulisimulia hilo. Kwa majigambo, kana kwamba yeye ndiye aliyezaa.

Halafu kaka kaongeza jambo, kwa sauti ya huruma kabisa. Mazishi yakiisha mama apumzike. Chumba chake cha kushonea pale karakana kitakuwa ofisi ya mkurugenzi. Mkurugenzi ni nani? Msiulize.

Hakuna aliyemwuliza mama kama kachoka.

Jumamosi, 7 Septemba

Tumemzika. Watu wengi mno. Nusu yao, nadhani, wamewahi kulalamikia springi.

Nilisoma vizuri tu mpaka kwenye ile sentensi. Ulimi ukagoma. Nikasikia mdomo wangu ukisema: "Alisaidiwa na mke wake. Sana."

Kaka alikohoa utadhani kameza msumari. Watu wakaanza kupekua vijitabu wakiitafuta sentensi hiyo. Kule nyuma mafundi wa karakana wakapiga makofi — mazikoni! Mama hakuinua kichwa.

Garini kaka akaniambia nimemwaibisha mbele za watu. Nikamwambia pole. Pole ya kumpa mtu aliyejikwaa mbali.

Jumatatu, 9 Septemba

Naandika haya karakana, nimekalia robota la sponji.

Mama kaamka, kavaa nguo zake nyeusi, kaja kazini. Shangazi kamfuata mpaka barabarani: wifi, watu watasema nini? Mama kamjibu: "Waseme, ila wakae. Makochi yapo."

Sasa kaka kafika na wanaume wawili waliobeba meza ya ofisi. Kubwa, nyeusi, imekwama mlangoni mwa chumba cha kushonea. Mama yuko ndani, kwenye cherehani. Kaka akifungua mdomo — "Mama, tulikubaliana…" — mama anakanyaga pedali. Trrrrr! Kaka akinyamaza, mama naye ananyamaza, anakagua mshono. Kaka akianza tena: trrrrr! Wabeba meza wanatokwa jasho, hawajui waingie au warudi. Mafundi wote ghafla wana kazi karibu na mlango huu.

Kaka kanigeukia. Nizungumze na mama yangu, anasema. Mama yangu! Leo si wake.

Mama naye kainua pindo la kitambaa, ananiita nije nishike upande wa pili. Kaka ananiita nishike meza. Naweka kalamu chini, nakwenda kushika pindo.