Tikiti Nne za Kurudi

Alhamisi, 7 Novemba

Kesho safari! Hiroshima, siku tatu, familia nzima. Baba anasema tunakwenda kutalii – mahekalu, kumbukumbu, bahari. Baba huyu huyu aliyekataa kutupeleka hata bustani ya wanyama, nayo iko hapa hapa Osaka! Kuna kitu. Pua yangu haijawahi kunidanganya, isipokuwa kwenye mitihani.

Nimechungulia bahasha juu ya friji. Tikiti za kwenda: tano. Za kurudi Jumapili: nne. Nimehesabu mara tatu. Shule niliiacha, lakini mpaka tano nafika.

Sisi ni Baba, Mama, Bibi, mdogo wangu Chinatsu, na mimi. Nani harudi?

Ijumaa, 8 Novemba

Naandika ndani ya treni. Nimeshajua. Ni mimi.

Sababu ni jiko. Mwezi uliopita sufuria iliungua mpaka pazia likashika moto. Nikasema ni mimi, nilikuwa napika tambi. Uongo! Ni Bibi, aliweka maji akasahau. Hiyo ilikuwa ya tatu, na zote tatu nimezibeba mimi, maana mabega ninayo. Nikamwapisha Bibi anyamaze. Baba siku ile akasema hali hii haiwezi kuendelea. Sasa ndiyo hii.

Ushahidi: Mama kanipa kipande chake cha yai kwenye bento, kile kisanduku cha chakula cha safari. Mama, anayegombania hata punje ya wali! Chinatsu kaniachia dirisha bila kupigana. Wananiaga hawa.

Na begi la Bibi – zito kama lina mawe. Nilitaka kumpandishia juu, akanizaba kofi la mkono. "Kaa mbali, mwizi wewe!" Chooni kaenda nalo. Anaficha nini, nguo zangu?

Mchana, bustani ya kumbukumbu ya bomu. Bibi alikuwa na miaka mitano wakati ule. Dada yake alikwenda shule asubuhi, basi. Wale watu walikufa wakiomba maji, kwa hiyo ukienda unawapelekea maji. Bibi kamimina chupa nzima, polepole, kama anamnywesha mtu. Halafu akasema, "Dada, nimerudi."

Nimerudi? Kwa siku tatu? Nilitaka kumtania, nikaona mabega ya Baba yanatikisika. Nikaenda kumjazia chupa nyingine bila kuombwa. Rekodi!

Jumamosi, 9 Novemba

Baba mdogo Yasuo, mdogo wake Baba, anafuga chaza huku. Tumelala kwake. Asubuhi kanikamata viganja, akavigeuza kama ananunua samaki.

"Laini kama tofu! Kijana, chaza watakucheka."

"Watacheka kwa mdomo gani, Baba mdogo? Nitakuwa nimeshaubandua."

Kacheka sana. Baba hakucheka. Aha! Kumbe kazi nimeshatafutiwa. Nitabaki hapa kubandua maganda mpaka ninuke bahari.

Tukapanda treni, kisha kivuko, mpaka kisiwani kwenye lile lango jekundu linalosimama majini. Paa mmoja kala ramani ya Mama. Mama kamwita mshenzi, paa kamwinamia kwa adabu.

Hekaluni kila mtu kaandika dua yake kwenye kibao akakitundika. Vibao viko wazi, na watu husoma vya wenzao huku wakijifanya wanatazama mbingu. Mimi sijifanyi. Nikasema naenda kununua keki, nikazunguka, nikavigeuza kimoja kimoja.

Chinatsu: apate kile chumba kitakachobaki wazi. Nyoka!

Baba: asamehewe. Basi.

Bibi: "Ryohei asijue mpaka treni iondoke."

Jina langu hilo, nimelisoma mara mbili. Hata Bibi! Mimi nimeungua kwa ajili yake, naye yumo kwenye njama? Jioni nimekula chaza kumi na mmoja kwa hasira.

Baadaye kidogo. Bibi alipoingia kuoga nikafungua begi. Ndiyo, mwizi mimi.

Hamna nguo zangu. Kuna sweta zake za baridi, zote. Kikombe cha Babu. Na katikati, kimefungwa kwa kitambaa cha zambarau – kibao cha Babu. Kile cheusi chenye jina lake la marehemu, kinachokaa kwenye kabati la ibada nyumbani, ambacho Bibi hukipa wali kila asubuhi kabla hatujala sisi.

Hicho hakipelekwi kutalii. Hicho hutoka nyumbani siku mtu anapohama.

Nimekaa chini. Siyo mimi.

Jumapili, 10 Novemba

Stesheni, benchi la jukwaani. Treni baada ya dakika tisa.

Nimembana Chinatsu mpaka kasema. Bibi mwenyewe alimwendea Baba akamwambia yote: sufuria zote tatu, pazia, na kwamba mimi nilikuwa namkinga. Akaomba yeye mwenyewe kuhamia kwa Baba mdogo, kuna watu nyumbani mchana kutwa. Aliniapia kunyamaza! Mwongo mkubwa kuliko mimi, na mimi ni bingwa.

Bibi kapita getini kwa tikiti ya kusindikiza, ile ndogo, inayokufikisha jukwaani na kukurudisha nje, basi. Kakaa kando yangu anamenya chungwa.

"Unaandika nini, bwana mdogo?"

"Uzuri wangu."

"Basi daftari litabaki jeupe."

Kanilisha vipande viwili. Akicheka hivi, nani atamchekesha huku? Chaza?

Dakika nne. Nimefanya kitu. Alipofuta mikono nimeichomoa tikiti yake kwenye mfuko wa koti. Imo humu, katikati ya kurasa hizi. Bila hiyo hatoki getini. Itambidi apande. Akili, au siyo?

Dakika mbili. Anaitafuta. Mfuko wa kulia, wa kushoto, mkoba. Anarudia wa kulia.

"Sasa hivi nilikuwa nayo," anamwambia Baba. Anajaribu kucheka. "Unaona, mwanangu? Ndiyo maana. Hata kikaratasi tu nimesahau nilikokiweka."

Baba na Baba mdogo wanatazamana.

Treni inaingia. Mama ananiita nifunge daftari. Bibi anainua kitambaa cha zambarau ndani ya mkoba – Babu naye kaja kutuaga – anaangalia chini yake, anamwomba Babu radhi kwa kumsumbua. Ananigeukia.

"Ryohei, wewe macho yako makali. Hukuiona?"

Kiganja changu kimeifunika tikiti, na bado naandi–