Yule wa Rekodi ya Tatu

Tarehe 4 Machi

Kwako kifungua mimba wangu,

Hujambo mwanangu? Na kile kifua, kimetulia? Sisi huku hatujambo. Baba yako anakohoa asubuhi tu, akishakunywa chai anasahau kuwa alikuwa mgonjwa. Mimi goti linanisumbua nikipanda ngazi, kushuka sina neno.

Barua yako nimeipata. Kumbe sasa wewe ndiye msaidizi wa mkuu wa kikundi, na mnataka kuicheza ile baleti ya binti wa msaga unga. Nilipofika hapo kwenye barua ilibidi nikae. Umesema Mkuu wenu anataka mtazame rekodi zote mnazoweza kuzipata, mzilinganishe, ndipo muamue mtaicheza vipi. Basi ile yetu, ya jioni niliyoicheza mimi ujanani, nimempa fundi simu wa hapa mtaani aitoe kwenye kanda na kuitia kwenye flashi. Nimeifunga pamoja na barua hii.

Sikuwahi kukuonyesha kwa sababu moja. Kwenye sehemu ya harusi, utepe wa kiatu changu ulifunguka, kiatu kikachomoka, nikamaliza na mguu mmoja mtupu. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa shule, sakafu ya saruji, na pazia la nyuma ni mashuka ya kuazima. Lakini nilimaliza. Niliicheza nafasi ya yule binti jioni hiyo moja tu, mchezaji mwenyewe alipougua, na tangu hapo sijaambiwa na mtu anayejua kama nilicheza vizuri au vibaya. Wenzako wakishaitazama, niandikie walivyosema, hata kama ni mabaya.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako


Tarehe 2 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepona kabisa, ondoa shaka. Pole na goti, usipande ngazi bila sababu. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, kazi zilinibana.

Tulizitazama rekodi tatu kwenye chumba cha mazoezi, wote tumekaa sakafuni, kitambaa cheupe tumekitundika ukutani. Ya kwanza ni ya kikundi kikubwa, jukwaani kuna kinu kizima na gurudumu lake linazunguka. Mchumba anaporudi na mke mwingine, na binti analazimishwa kucheza kwenye harusi yao, yule wa rekodi ya kwanza anaruka juu mno, na macho hayabanduki kwa bwana harusi, kana kwamba anataka kumrarua. Kwenye ya pili wamepunguza mwendo wa muziki. Binti anatazama chini muda wote, unamwonea huruma mpaka unachoka.

Ya tatu ilikuwa yenu. Wewe ulimtazama bibi harusi, tena kwa upole, kama mtu anayejua kuwa yule naye hakuambiwa kitu. Wale wengine wawili hawakumwona kabisa.

Ulipomaliza chumba kilikuwa kimya. Mkuu alisema unacheza kwa moyo. Kiatu hakuna aliyekitaja, kwa hiyo lala usingizi wako.

Msalimie baba.

Mwanao


Tarehe 29 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Huku sote ni wazima.

Barua yako niliisoma nikafurahi. Nikamsomea baba yako, naye hakuweza kukaa nayo, akamwita jirani yetu mshonaji aje asikie. Jirani alikuja na binti yake. Binti huyo akasema kikundi chenu huwa kinaweka video za mazoezi mtandaoni, akatafuta kwenye simu ili sote tuone nikisifiwa. Tulikuwa sebuleni, nimeshamimina chai.

Tuliwaona mmekaa sakafuni. Kiatu kilipotoka tulisikia chumba kizima kikicheka. Msichana mmoja mrefu akauliza kama mama huyu anacheza au anaua mende. Mkuu akakugeukia akakuuliza, "Hawa ni akina nani?" Ukasema, "Siwajui. Nimeiokota tu maktaba." Na ulikuwa unacheka, mwanangu. Una kicheko cha baba yako, hakijifichi.

Jirani aliinuka akasema ameacha sufuria jikoni. Chai yake hakuigusa. Baba yako alitoka nje kumwagilia miche aliyokwisha kuimwagilia.

Sikuandikii kukugombeza. Ile rekodi ya kikundi kikubwa nimeitafuta nikaitazama, kisha nikajitazama mimi. Kweli yale mashuka yanachekesha. Sikujua, miaka yote hii. Kinachonitia haya ni kwamba nilikutumia kitu kile, halafu nikakaa kungojea kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani.

Flashi usiirudishe.

Mama yako


Tarehe 30 Mei

Mama,

Shikamoo. Sithubutu hata kuuliza hali, lakini nauliza. Goti vipi? Baba je, anataka kunisikia?

Barua hii nimeianza na kuichana siku nyingi. Sina la kujitetea. Walianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Mimi ni mgeni hapa, cheo nimepewa juzi, na wengine wanaona sikustahili. Mkuu aliponiuliza, neno "mama" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza, nikacheka nao. Kisha nikarudi chumbani nikakuandikia uongo, na nilipokuwa naandika nilijiona mtoto mwema.

La bibi harusi tu ndilo lilikuwa kweli. Niliirudia rekodi yenu peke yangu walipokwisha kuondoka, ndipo nikaona ulivyomtazama.

Baada ya barua yako nilimwendea Mkuu nikamwambia yule ni mama yangu. Akasema, "Ungesema mapema, tusingecheka." Alidhani amenifariji. Nilitoka pale nimeinamisha kichwa, maana alisema kweli: wangenyamaza kwa ajili yangu, na uchezaji wako bado wasingeuona. Video wameiondoa mtandaoni. Wachezaji sijawaambia. Kila nikiingia chumba cha mazoezi ulimi unakuwa mzito.

Onyesho ni tarehe ishirini Juni. Ningependa uje. Usipokuja sitakulaumu.

Mwanao


Tarehe 8 Juni

Mwanangu,

Hatujambo. Baba yako alikuwa amenuna, sasa anauliza kama unakula vizuri, kwa hiyo hilo limekwisha.

Nitakuja. Ila sitapita mlango wa watazamaji, nitapita mlango wa wachezaji, na wewe ndiye utakayeniingiza. La kusema unalijua. Ukiona litakushinda niambie mapema, nisijisumbue kufunga mizigo.

Mama yako


Tarehe 27 Juni

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Nimefika salama, miguu tu imevimba kwa safari. Onyesho nimemsimulia baba yako kutoka mwanzo mpaka akasinzia kitini, na alipozinduka akadai niendelee pale pale.

Kuna jambo sikukuambia nilipokuwa kwako, ni rahisi zaidi kuliandika.

Ulinipokea mkoba pale mlangoni, ukaniingiza ndani. Wachezaji walikuwa wamekaa mbele ya vioo wanajipaka poda. Ukasema, "Jamani, naomba mnisikilize," kisha ukanyamaza. Walikugeukia wote, poda mkononi, nawe umesimama tu, jasho linakutoka juu ya mdomo. Nilikuwa na utani tayari. Ningeutoa, wangecheka, nawe ungepona. Niliuma ulimi, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Ndipo ukasema, "Huyu ni mama yangu. Ni yule wa rekodi ya tatu. Nilisema simjui, na nilicheka pamoja nanyi."

Njiani kote nilikuwa nimejiandaa kufurahi ukishayasema. Sikufurahi. Nilikutazama umeinama mbele ya watu unaowaongoza, nikaona haya kwa kukutaka ufanye vile, na wakati huohuo nikajua kuwa kama usingefanya nisingeweza kukutazama usoni tena. Yote mawili yalikuwa ndani yangu, na bado yamo. Usiniombe radhi tena, nimekwisha kukusamehe. Nipe tu muda niyazoee.

Yule msichana mrefu, aliyesema maneno yale ya mende, aliinuka akaniletea kiti chake. Sikuhitaji kukaa, nilikuwa nimekaa ndani ya basi kutwa nzima. Lakini nilimwona alivyokishika, hana kingine cha kunipa. Nikakaa.

Mama yako